Nilinunua gari ya mbio ili nibane matumizi

Wakuu, mi nilinunua Mazda RX-8 ili nibane matumizi. Hapa ndo mke wangu huwa anaanza kucheka kila nikisimulia, kwa hiyo na nyie kama mnacheka chekeni mapema yaishe.

Iko hivi. Nilikuwa na Vitz ya cc 1300, gari haina makuu, lita moja unaenda zako kilometa 15 bila kelele. Sasa dalali mmoja akanirushia picha ya RX-8 nyekundu ya 2004, imelala chini kama mamba, milango ya nyuma inafungukia kinyume kama kabati la nguo, milioni 9. Nikamwambia kaka hiyo siiwezi, hiyo inakunywa wese kama trekta. Akanijibu kwa upole kabisa, bosi angalia kadi. Nikaangalia kadi. Cc 1308. Nikaangalia tena nikijua macho yana shida. Yaani cc zilezile za Vitz! Nikapiga hesabu kichwani nikaona kumbe watu wote mjini wamelala, gari ya mbio ipo na ulaji ni uleule. Sijawahi kujiona nina akili kama siku ile.

Kwenda kuiona Sinza nikaikuta inanguruma tayari. Nimeizunguka, nimepiga teke matairi (sijui huwa tunapiga teke matairi kuangalia nini), nimefungua boneti nikatikisa kichwa kama fundi, tukaenda raundi moja tukarudi, tukahesabu hela, tukaandikiana, yote hayo gari inanguruma tu. Nikamuuliza mbona huizimi? Akasema nimekuachia usikilize muziki. Basi nikasikiliza muziki.

Jumatatu nikajaza tenki, lita 60, nikijua mimi na sheli tutaonana mwisho wa mwezi. Wikiendi nikaipeleka Bagamoyo ikaonekane kidogo, mshale wa mizunguko ile gari unapanda mpaka kwenye elfu tisa, na ukikaribia huko inakupigia alamu ubadili gia, raha yake we acha. Jumatatu iliyofuata taa ya mafuta ikawaka. Nikaigonga dashibodi nikijua imekosea. Haikukosea, Tabata mpaka Posta na ile foleni ya asubuhi lita moja ilikuwa inatoa kilometa 5, tena kwa kinyongo.

Wiki ya tatu ikawaka taa ya oili.

Nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote, Vitz huwa anaifungua huku anaongea na simu. Akachomoa dipstiki, akaifuta na kitambaa, akachomeka, akachomoa, kavu. Akasema hapa ringi za pistoni zimekwisha, tufungue. Akainama. Akahamia upande wa pili. Akamulika na tochi ya simu, akawa anatafuta silinda hedi kwa mkono kama mtu aliyedondosha funguo mchangani. Mwisho akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya daktari anayekwambia kaa kwanza, "Bro, injini yenyewe iko wapi?"

Ikabidi aitwe mzee mmoja gereji ya pili, akaja na chai yake mkononi, akachungulia mara moja tu akaanza kucheka. "Humu hamna pistoni. Humu mna sambusa mbili zinazunguka ndani ya sufuria." Nikajua ananitania, kumbe ndo ukweli wenyewe, ni chuma cha pembe tatu kinazungushwa ndani ya chemba kama yai. Sambusa moja ni cc 654, mbili ndo hizo 1308 nilizozisoma kwenye kadi nikachekelea, ila kila sambusa ina pande tatu na zote ziko kazini muda wote, kwa hiyo tumbo lake usilipime na la Vitz. Na oili inakunywa makusudi! Wameitengeneza iwe inajinyunyizia kidogo kidogo humo ndani ili zile ncha zisisagike. Mzee akazidi kunogewa, eti aliyeibuni ni Mjerumani anaitwa Wankel, eti 1991 Mazda walishinda mbio za magari za Le Mans na gari ya sambusa nne. Nikamwambia mzee wangu, wao walishinda Le Mans, mi nashinda kwenye foleni Buguruni.

Akanipa masharti kama mganga. Usiiwashe ya baridi ukaisogeza hatua mbili ukazima, petroli inajaa ndani na haiwaki. Na hii yako ilivyochoka, ikishika moto ukaizima, usihangaike nayo mpaka ipoe. Hapo ndo nikauelewa ule muziki wa dalali.

Sasa ukoo wetu hatushiki masharti. Jumamosi alfajiri boza la maji la jirani limekwama getini, dereva anapiga honi, nikatoka na bukta, nikawasha, nikarudi nyuma mita tatu, nikazima, nikaingia ndani kunywa chai. Saa tatu natakiwa Mbezi stendi ya Magufuli kumpokea mama mkwe anatoka Tanga. Kuwasha: chwe chwe chwe chwe. Nikakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kama mzee alivyoelekeza, chwe chwe, betri ikaanza kukata roho. Wakaja vijana wa kijiweni, wakaja boda wawili, na dereva wa boza naye akashuka, nadhani dhamira ilimsuta. Tukasukuma mpaka karibu na msikiti ndo nikaachia klachi, ikalipuka puuh! moshi mweupe, kuku wa watu wakapanda ukuta. Sikusimama hata kusema asante, nikawarushia elfu kumi dirishani.

Stendi sikuzima. Mama mkwe akafungua mlango wa mbele akauangalia ule wa nyuma haujui unashikwa wapi, maana haufunguki mpaka wa mbele ufunguke, nikamsaidia akaingia kinyumenyume na kiroba chake cha machungwa ya Muheza. "Shikamoo mama, karibu." "Marahaba baba. Mbona humu kama ndani ya chungu?"

Foleni ya Kimara, mguu ukateleza kwenye klachi, ikazima. Moto kabisa. Chwe chwe. Nyuma honi, bajaji wanapita wananiita bosi. Mama kimya, mimi jasho, mlango wake hafungui mpaka nizunguke mimi nikamfungulie. Dakika kama kumi hivi akauliza taratibu, "Baba, hili ulilinunua, au ulilipwa ulichukue?"

Nikamtafutia bajaji. Kabla haijaondoka akaniachia machungwa manne, alivyoyahesabu ni kama alijua nitakaa sana.

Nikasukumiwa pembeni, nikafungua boneti, nikakaa juu ya ukingo namenya chungwa. La pili sijalimaliza, dogo mmoja amevaa vizuri akasimamisha IST yake, akashuka, akaizunguka gari yangu, akaipiga teke tairi.

"Bro, kali sana hii. Cc ngapi?"

Nikafuta mikono.

"Elfu moja mia tatu tu, bosi wangu. Njoo kesho saa nne Tabata, utaikuta inanguruma."