Kuvu za juu ya likeni: tuzipange kwa mwenyeji au kwa ukoo?

Aliyepanda Kilimanjaro ameiona Usnea, zile nyuzi za kijani-kijivu zinazoning'inia matawini kama ndevu. Hiyo ni likeni: kuvu na mwani vilivyoungana vikawa kama kiumbe kimoja. Lakini likeni nayo ina wapangaji. Orodha iliyotolewa mwaka 2018 ilitaja kuvu takriban 2,000 zisizoishi popote ila juu ya likeni. Tuzitenganishe kwa kigezo gani?

Wanaoshikilia mwenyeji wana hoja nzito. Msituni huna mashine ya DNA. Una lenzi, likeni na kinundu kilichoiotea. Kwa kuwa nyingi ya kuvu hizi huchagua mwenyeji, ukiitambua likeni umeshapiga hatua kubwa.

Hata hivyo, tazama Biatoropsis usnearum, iotayo vinundu juu ya Usnea. Mfini Räsänen alipoieleza mwaka 1934, jina aliloipa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) lilimaanisha "ifananayo na Biatora", ambayo ni likeni. Mfanano huo ni wa sura tu. Kiukoo iko pamoja na Tremella, kuvu za rojorojo. Kwa miaka mingi ilihesabiwa spishi moja, ingawa vinundu vyake hutofautiana, kuanzia waridi iliyofifia hadi kahawia nzito. Utafiti wa DNA wa 2014 ulikuta humo koo kadhaa, nyingi zikiwa na Usnea zake maalumu, na mwaka 2016 spishi tatu mpya zikapewa majina.

Hapo mwenyeji anaonekana kushinda. Lakini utafiti uleule ulionyesha kwamba mti wa ukoo wa kuvu haulingani na wa Usnea: kuvu zimekuwa zikihama mwenyeji. Wapangaji wa nyumba jirani si lazima wawe ndugu.

Kwangu mimi, mwenyeji husaidia kutenganisha spishi, ila undugu uamuliwe na DNA. Diploschistes muscorum huanza maisha kama kimelea cha likeni Cladonia, kisha hujipatia mwani na kuwa likeni inayojitegemea. Kuishi juu ya likeni ni kazi, si ukoo.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni sampuli ya kinundu kilichokwanguliwa peke yake. Usnea ukiivuta taratibu, ganda hukatika na uzi mweupe wa katikati hubaki ukinyumbulika. Uzi huo na unene wa tabaka linalouzunguka ni miongoni mwa alama za kuitambulia. Basi bahasha ya sampuli ibebe kinundu pamoja na kipande cha Usnea kinachotosha kuvutwa na kupimwa.