Sauti ni ileile, mwajiri ndiye mpya

Jioni moja hapa Mji wa Kale, Mombasa, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, redio ya dukani ilitoa sauti tunayoijua sote. Ni yule mtangazaji wetu wa zamani wa kipindi cha asubuhi, aliyekuwa akiwabana wakubwa kuhusu mifereji mikavu. Safari hii alikuwa mgeni studioni, mshauri wa kigogo mmoja wa Pwani, na kazi yake ilikuwa kutueleza kwa nini mifereji bado mikavu.

"Kanunuliwa huyo," akasema mzee mmoja.

Kijana aliyeketi kando yake akamgeukia: "Apata riziki yake, mzee. Wataka afe na maiki mkononi?"

Kijana ana hoja, na hoja yake ina hesabu. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotumika. Isiyotumika, hata nauli ya matatu aliyoifuatia ni yake. Upande wa pili, tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, Kenya ina magavana 47, na kila mmoja anataka mtu wa kumwandikia hotuba na kumpangia mahojiano. Zamani ajira ya namna hiyo ulikuwa ukiifuata Nairobi.

Tena si kila anayevuka huharibika. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa katibu wa habari wa Mwalimu Nyerere mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa rais wa Tanzania. Hata mgeni wetu wa redioni hakudanganya jioni ile. Alisema maji ya Mombasa hutoka nje ya kaunti: Mzima kule Taita Taveta, Marere na Tiwi kule Kwale, Baricho kule Kilifi. Ni kweli tupu, na alipokuwa mtangazaji sikumbuki akituchorea ramani hiyo. Ushauri umempa muda wa kueleza, jambo ambalo kipindi chenye matangazo ya biashara kila dakika chache hakikumpa.

Ila mzee naye anajua kinachomuuma. Kigogo hakumwajiri mtu wa mabomba, aliajiri sauti. Ndivyo ilivyo pia kwa wakubwa zaidi. Mwaka 2018 Kanze Dena, mwana wa Pwani, alitoka kwenye habari za Kiswahili za runinga ya Citizen akawa naibu msemaji wa Ikulu ya Uhuru Kenyatta. Simlaumu, lakini Ikulu ilipata pamoja naye imani ya nyumba zilizozoea kumsikiliza. Imani hiyo mtangazaji haijengi peke yake. Sisi ndio tuliompigia simu asubuhi kumtajia mtaa usio na maji, naye akaisoma shida yetu hewani. Leo anajua swali gani linauma, na analipwa kumfundisha mkubwa kulikwepa. Isitoshe, ana namba za wenzake wote wa chumba cha habari. Simu moja tu, "ndugu yangu, hiyo ingoje kesho", na habari inalala.

Mimi kuhama hakunisumbui sana. Kinachonisumbua ni zile wiki za kabla ya kuhama. Hakuna anayeamka Jumatatu akajikuta mshauri. Kuna chai za hotelini, kuna kupatana mshahara, na muda wote huo bwana yuko hewani akihoji watu, pengine wapinzani wa bosi wake mtarajiwa. Maswali ya siku zile yalikuwa ya nani? Hussein Mohamed aliondoka Citizen mwaka 2019, akaingia kwenye kampeni ya William Ruto mwaka 2021, kisha akawa msemaji wa Ikulu mwaka 2022. Mtu anaweza asipende alikokwenda, lakini ile miaka miwili ya katikati inamwondolea shaka nyingi.

Ndiyo maana, ajabu kidogo, namwona Mohammed Ali, yule wa kipindi cha upekuzi cha Jicho Pevu, kuwa wazi zaidi kuliko washauri. Mwaka 2017 aligombea ubunge wa Nyali kama mgombea huru, jina lake likachapishwa kwenye karatasi ya kura, aliyemchoka akampigia mwingine. Mshauri hapigiwi kura. Bosi akishindwa, anaweza kurudi studioni kana kwamba alikuwa likizo. Uingereza wana mzozo wa aina hii: Robbie Gibb alitoka BBC mwaka 2017 kwenda kumsimamia Waziri Mkuu Theresa May mawasiliano, na mwaka 2021 akarudi BBC akiwa mjumbe wa bodi. Wanabishana hadi leo.

Pale kahawani, mtangazaji mpya alimwita mgeni wake "kaka", akamuuliza swali moja la maji, akamshukuru, akaweka muziki. Hakutwambia kwamba kiti alichokalia kilikuwa cha huyo kaka.

Mzee akaomba kikombe cha pili. "Angekuwa yeye zamani," akasema, "angemuuliza pesa za mabomba ziko wapi."

Kijana hakumjibu. Alikuwa akitafuta sarafu ya kulipia kashata.