Babu Zetu Nao Walipendana

Katika historia niliyofundishwa shuleni, hakuna mtu aliyempenda mwenzake. Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga huko magharibi mwa Kenya, alishirikiana na Waingereza. Koitalel arap Samoei aliwaongoza Wanandi hadi alipouawa mwaka 1905. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Wapagazi wetu walichukuliwa kwenda vitani dhidi ya Wajerumani, na wengi hawakurudi. Yote hayo ni kweli na ni lazima tuyajue. Lakini watu hao hao walikuwa na umri wa miaka kumi na minane, ishirini, ishirini na miwili. Kuna aliyekuwa akihesabu siku za soko ili amwone mtu fulani tena. Kuna aliyekonda kwa sababu mahari yalishindikana. Hao hatuwajui, na televisheni yetu haijawatafuta kwa bidii wanayostahili.

Ndiyo maana mafanikio ya tamthilia ya Bridgerton yananipa furaha na wivu kwa pamoja. Hapa Kisumu sijui saluni ambayo haijawahi kubishana kuhusu Anthony na Kate, au kuhusu Penelope na Colin. Kwa asiyeijua, ni hadithi ya London ya mwaka 1813. Mama mjane ana watoto wanane, na kila msimu unamfuata mmoja wao akitafuta mwenzi. Asili yake ni vitabu vya Julia Quinn, cha kwanza kikiwa kilitoka mwaka 2000. Chris Van Dusen ndiye aliyeigeuza kuwa tamthilia, chini ya kampuni ya Shonda Rhimes. Ilitoka siku ya Krismasi ya 2020, korona ikiwa imewafungia watu majumbani, na Netflix ikatangaza kwamba nyumba milioni 82 ziliifungua katika siku 28 za kwanza. Hesabu ya Netflix wakati huo ilimhesabu hata aliyetazama dakika mbili akaondoka, kwa hivyo sitegemei idadi hiyo peke yake. Ninachokitegemea ni kwamba misimu iliendelea kuja, ikazaa na tamthilia nyingine ya Malkia Charlotte mwaka 2023, na watu bado wanaigombania.

Wengi husema siri yake ni vitanda. Sikubaliani nao kabisa. Tazama msimu wa pili, ule wa 2022. Anthony na Kate wanagombana, wanakimbizana na farasi, wanasimama karibu mno kisha mmoja anageuka na kwenda zake. Busu la kwanza linafika katika kipindi cha sita, na vipindi vyote ni vinane. Watu walikaa wakangoja! Au rudi msimu wa kwanza, pale Daphne na Simon wanaposimama mbele ya mchoro ukutani na vidole vyao vikagusana kidogo tu, huku watu wakipita nyuma yao. Mimi niliishika pumzi. Tukio lile lina uzito kwa sababu tumeshaelezwa sheria za mji ule: msichana akionekana bustanini peke yake na mwanamume, jina lake limekwisha, na la dada zake pia. Sheria ikiwa kali, kidole kinatosha. Ondoa sheria hizo, nawe huna hadithi.

Jambo la pili ni kazi ya mikono, na hili ndilo linalonigusa zaidi kwa sababu nimelelewa na fundi cherehani. Mavazi ya msimu wa kwanza yaliongozwa na Ellen Mirojnick, na inasemekana yalifika takriban vipande 7,500 ukihesabu kofia, shali, glavu na koti. Kila familia ina rangi zake. Wana wa Bridgerton wanavaa samawati iliyotulia. Wafeatherington, ambao mama yao anatafuta kuonekana kwa nguvu zote, wanavaa manjano na kijani vinavyopiga kelele. Kabla mtu hajafungua mdomo, gauni limeshamtambulisha. Nywele nazo zilikuwa mikononi mwa Marc Pilcher. Alimvisha Golda Rosheuvel, anayeigiza Malkia, wigi ndefu za kwenda juu zilizojengwa kwa nywele zenye msokoto wa Kiafrika, zikakaa kichwani kama taji jingine. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya Emmy Septemba 2021. Wiki chache baadaye Pilcher alifariki kwa korona, akiwa na miaka 53. Nikiona wigi zile namkumbuka, ingawa sikuwahi kumjua.

Halafu muziki. Watu wanacheza densi ya mwaka 1813, fidla zinalia, na katikati ya densi unatambua kwamba unaoimbwa na nyuzi hizo ni wimbo wa Ariana Grande. Wazo hilo ni rahisi na lina akili nyingi. Linamwambia kijana wa leo kwamba moyo wa yule binti wa zamani ulidunda kama wake.

Lakini nina dai moja juu ya tamthilia hiyo, na sitalificha kwa sababu ya mapenzi yangu kwake. Inatuambia kwamba mfalme alimwoa Charlotte, mwanamke mweusi, na kwa ndoa hiyo watu weusi wakapewa vyeo na ardhi. Ninafurahi kumwona Adjoa Andoh, anayeigiza Lady Danbury, katika hariri akiamuru watu wakae au wasimame. Hata hivyo, mwaka 1813 Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa kwa miaka sita tu, tangu 1807, na utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika makoloni yake. Sheria ya kuukomesha ilipitishwa 1833. Keki zile zote mezani, zilizopangwa kama minara, zilitiwa sukari kutoka wapi? Mimi nimekulia Mumias, katikati ya mashamba ya miwa. Mtu wa kwetu hawezi kuona sukari nyingi namna hiyo bila kuuliza nani aliyekata miwa. Tamthilia haiulizi, na kwangu hilo ni pengo kubwa. Sisi tukitengeneza yetu, tusiogope kuuliza.

Na yetu inaweza kutengenezwa. Nianze na kwetu. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili kutoka Pwani ilipiga kambi katika ufalme wa Wanga. Walikuja kwa pembe za ndovu, wakaleta vitambaa vya merikani na shanga, na wengine wakakaa. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883. Askofu Hannington alipita 1885 akielekea Busoga, ambako aliuawa. Wageni hawa ndio wanaoandikwa. Mimi nataka kijana mwandishi wa msafara, anayejua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, aliyeachwa nyuma na wenzake kwa sababu ya homa. Nataka binti wa ukoo wa Nabongo anayemletea uji. Kijana ana mashairi na hana ng'ombe. Baba ya binti anataka ng'ombe na hajui kusoma shairi. Kuna dini mpya inayoingia, kuna wazee wanaoitazama kwa shaka, kuna mjomba anayepeleka habari kwa kila mtu. Katika Bridgerton umbea wa mji unachapishwa; tuliokuwa nao sisi haukuhitaji kuchapishwa.

Ukivuka kuja upande wa Waluo, sheria za mapenzi zilikuwa nyingi na nzuri sana kwa mwandishi. Wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyewalea kwa hadithi, mafumbo na maonyo. Wavulana walikuwa na simba, nyumba yao karibu na lango la boma. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na giza, mbwa, na bibi asiyelala. Kulikuwa na jagam, mshenga aliyebeba sifa za mchumba kutoka boma moja hadi jingine, na ambaye neno lake moja baya lingeweza kuvunja kila kitu. Mnaomsifu Lady Danbury kwa kupanga ndoa za watu, mtazameni jagam vizuri.

Hata hivyo ningepewa fursa ya kuchagua mahali pamoja, ningechagua Kakamega ya mwaka 1932. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka uliotangulia. Bei za mazao zilikuwa zimeporomoka duniani, na Wazungu waliofilisika mashambani walikuja na mahema na karai za kuchenjulia mchanga. Vigingi vya kutia alama maeneo ya kuchimba vilipigwa katikati ya mashamba ya watu. Miaka miwili tu kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imewaahidi Waafrika kwa sheria kwamba ardhi ya hifadhi zao ni yao milele, na kwamba ikichukuliwa watapewa nyingine. Mwishoni mwa 1932 sheria hiyo ilibadilishwa haraka ili dhahabu ichimbwe, na mtu aliweza kulipwa pesa badala ya ardhi. Sasa weka hapo vijana wawili. Yeye, kijana, ana kipande cha ardhi alichogawiwa na babake ajenge nyumba ya kumleta mke. Binti ameshakubali, wazee wameshakunywa pombe, ng'ombe wawili wa kwanza wameshavuka mto. Asubuhi moja kuna kigingi palipotakiwa kuwa na mlango. Baba ya binti atampa mtu asiye na mahali pa kujenga? Kijana akachukue kazi ya kuchimba, alipwe mshahara na wale wale walioweka kigingi? Hapo huhitaji kutafuta kizuizi cha kubuni. Serikali yenyewe imesimama kati ya wapenzi, na mtazamaji atajifunza sheria ya ardhi huku akilia.

Densi ipo pia. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ngoma zile za kupigwa kwa pamoja, huchezwa harusini na matangani, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Anayetafuta ukumbi wa densi ambamo macho mawili yanakutana kati ya watu mia, anao. Na muziki wa nyuma? Mpeni mpiga orutu, fidla ya Waluo, wimbo unaovuma kwenye matatu leo, aupige kwa uzi wake mmoja, polepole, wakati binti anashuka kisimani. Nina hakika mtaa mzima wa Kondele, hapa Kisumu, utanyamaza isikilize.

Najua jibu nitakalopewa: pesa. Ni kweli, hatuna pesa za Netflix. Lakini tazama pesa hizo zilikwenda wapi. Nyumba ya familia ya Bridgerton, kwa nje, ni Ranger's House iliyoko Greenwich. Mitaa mingi ni ya mji wa Bath. Kasri la Simon ni Castle Howard, Yorkshire. Majengo hayo yalikuwapo, wakayatumia. Kwetu pia vipo vilivyopo. Makumbusho ya Kisumu ina boma kamili la Kiluo. Bandari ya zamani na majengo ya reli yako pale pale ziwani. Msitu wa Kakamega hauhitaji kupakwa rangi. Farasi hatuwahitaji. Mavazi ya kwetu ya miaka ile ni merikani, kaniki, ngozi, shanga, na baadaye gauni za misheni zenye marinda, na sioni kwa nini mafundi wa soko la Kibuye washindwe kuyashona wakipewa picha nzuri na muda wa kutosha. Muda ndio ghali. Muda wa kukaa na wazee, wa kujaribu mshono mara ya pili, wa waigizaji kujifunza kutembea na mtungi kichwani bila kuushika. Mtayarishaji anayetaka kumaliza kila kitu kwa haraka asiiguse kazi hii.

Wazee wenyewe wako tayari kusema kuliko tunavyodhani. Siku moja nilimuuliza Kukhu, nyanya yangu, alijuaje kwamba Guka, babu yangu, anamtaka. Nilitarajia aniambie habari za ng'ombe. Akaniambia kwamba katika miaka ya hamsini, kwenye darasa la akina mama, alijifunza kudarizi, akashona kitambaa cha mkononi chenye ua jekundu pembeni, akampa binamu yake akipeleke kwa Guka. Binamu alirudi mikono mitupu. "Nikamuuliza, alikiweka wapi?" Kukhu akasema. "Akaniambia, mfuko wa ndani wa koti. Basi mjukuu wangu, nikajua." Mfuko wa nje ungekuwa adabu tu. Niambie kama hicho si kipindi kizima cha tamthilia.

Kuhusu lugha nina msimamo. Wahusika wasizungumze Kiingereza ili kumpendeza mtazamaji wa mbali. Mwandishi wa msafara aseme Kiswahili cha Pwani, binti aseme Kiwanga, mwenye duka Mhindi aseme Kigujarati chake na Kiswahili cha kununua na kuuza, jagam aseme Dholuo. Maandishi yapite chini ya skrini. Vijana wetu wanasoma maandishi ya tamthilia za Kikorea usiku kucha wala hawalalamiki, na wamejifunza hata salamu zao.

Mtayarishaji atakayethubutu, naomba aje na mwandishi, fundi cherehani na mpiga orutu kabla hajamtafuta mwigizaji maarufu. Na akija Mumias, Kukhu yuko nyumbani, na anapenda kuulizwa.