Kamera iliiona Auschwitz, wakubwa hawakuuliza

Wakenya wengi hawajui kwamba Kikosi cha 60 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini kiliundwa Nairobi, Desemba 1940, wakati wa vita dhidi ya Waitalia waliokuwa Somalia na Ethiopia. Kazi yake ilikuwa kupiga picha. Baadaye kikahamia Afrika Kaskazini, kisha Italia, na kikapewa Mosquito: ndege ya mbao, isiyo na bunduki hata moja kwa kazi hii, inayotegemea mbio na kuruka juu sana.

Tarehe 4 Aprili 1944, Mosquito moja ya kikosi hicho ilitumwa kusini mwa Poland kupiga picha kiwanda cha mafuta cha IG Farben, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, pale Monowitz. Kamera zile hujipiga zenyewe, kila picha ikirudia sehemu ya iliyotangulia, na huwashwa mapema ili lengo lisikosekane. Ndivyo kambi ya Auschwitz, ambako Wanazi waliwaua Wayahudi kwa gesi, kilomita chache tu kutoka kiwandani, ilivyoingia kwenye filamu.

Wasoma picha huweka picha mbili chini ya stirioskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, na hapo mapaa na mabomba ya moshi huinuka kutoka kwenye karatasi. Wakakichambua kiwanda. Kambi wakaipita. Picha za Agosti 25 zilinasa hata msururu wa watu ukielekea kwenye jengo la gesi, nazo zikakaa kabatini mpaka wachambuzi wawili wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, Brugioni na Poirier, walipozifukua na kuzitangaza mwaka 1979.

Siwalaumu wasoma picha. Waliagizwa watafute mafuta, wakatafuta mafuta. Ninaowashtaki ni waliokuwa wakiandika maagizo. Wafungwa wawili Wayahudi, Vrba na Wetzler, walitoroka kambini humo Aprili hiyohiyo, wakaeleza kila kitu, na kufikia Julai habari zao zilikuwa London na Washington. Kilichohitajika ni mtu mmoja mwenye cheo kuwaambia wasoma picha: tutafutieni mahali hapa. Picha walikuwa nazo tayari!

Wapo wanaojitetea kwamba kambi ilikuwa mbali mno kupigwa mabomu. Mbali gani? Agosti 20 na Septemba 13 ndege za Marekani zilikwenda kukipiga mabomu kiwanda kilekile, na picha moja ya Septemba inaonyesha mabomu yakiwa bado hewani, juu ya Birkenau, sehemu ya Auschwitz yenye majengo ya gesi, yakielekea Monowitz.