Baba, niombee

Binti yangu yuko jeshini. Hajaajiriwa, ni ile JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ya mujibu wa sheria wanayopelekwa wakimaliza kidato cha sita. Matokeo yalipotoka alipiga kwa simu ya kuazima, nikamsomea: Kemia C, Baiolojia C, Jiografia D, divisheni two ya kumi. Akapiga yowe, na wenzake huko nyuma nao wakapiga yowe, sijui walikuwa wanashangilia yake au yao. Kisha akasema, "Baba, niombee..." Simu ikakatika.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama yake akasema mtoto kaomba asaliwe, na jioni hiyo hiyo akampeleka jumuiya, akatajwa kwenye nia katikati ya mgonjwa wa presha na bei ya kahawa. Mimi nikasema mtoto anataka aombewe chuo. Tulibishana mpaka mtori ukaganda, na Moshi mwezi wa saba mtori haukawii kuganda.

Mimi nauza viatu vya mtumba pale soko la Memorial. Kiatu nakijua. Nikikikunja soli mara moja nakwambia kimetembea miaka mingapi Ulaya na mwenyewe alikuwa anakanyaga upande gani. Lakini chuo? Kijana wa stationeri alinifungulia mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwenye simu, nikasukuma kwa kidole gumba mpaka kidole kikapata joto, bado vyuo vinakuja tu kama mabasi ya Desemba.

Halafu hizi pointi aliyezipanga alikuwa na ugomvi na wazazi. Kwa Baraza la Mitihani, A ni moja, C ni tatu, D ni nne, na mwenye pointi chache ndiye anayebebwa mabegani. Ukivuka kwa Tume ya Vyuo Vikuu, A imekuwa tano, D imekuwa mbili, na mwenye chache ndiye anayeangalia chini. Mtoto yule yule, karatasi ile ile, kumi yake imekuwa nane, na naambiwa hakuna aliyechukua kitu. Iliyobaki na msimamo ni C peke yake. Huku tatu, kule tatu. Naiheshimu sana.

Jumamosi tukaitisha kikao cha ukoo, kosa ambalo nimelifanya kwa akili zangu timamu na nikalinunulia mbege. Shangazi yake wa Kibosho alianza hata kabla ya sala: udaktari, pale pale hospitali ya KCMC, ili tukiugua tuwe na mtu. Nikamwambia, dada, mtoto kasoma CBG, udaktari unataka na Fizikia. Akaniangalia kwa huruma. "Fizikia si atasoma akishafika?"

Shemeji yangu anayekaa Arusha akasema Uhasibu, Njiro, maana na yeye anakaa Njiro, mtoto atatembea kwa miguu na chumba kipo bure. Ukarimu huo naujua. Dada wao wa kazi ameondoka tangu Pasaka na hawajapata mwingine. Babu yeye hakutaka mjadala: Ushirika. Chuo hicho kilianza 1963 na yeye alikuwepo, amewaona vijana wa kwanza wakiingia na masanduku ya bati. Kwamba kimekuwa chuo kikuu 2014, hilo kwake ni habari ya juzi ambayo haijathibitishwa. Jirani yetu, ambaye si wa ukoo ila amesikia harufu ya mbege, akasema mpelekeni Nelson Mandela, Tengeru, jina zito na ni karibu. Tukapiga makofi. Jumatatu kijana wa stationeri akaniambia pale wanasomesha uzamili na uzamivu tu, nimrudishe mtoto akishapata shahada ya kwanza.

Mama yake anataka Mwenge, awe mwalimu wa sayansi na asikose misa. Na mimi? Nilisimama nikasema Mweka, uhifadhi wa wanyamapori, utalii ndio uchumi wetu, tusiwaachie wageni mlima wetu. Nilisema vizuri mpaka babu akaitikia. Sikusema kwamba Mweka ni boda moja tu kutoka mjini, kwamba mtoto atalala kitandani kwake na atakula chakula ambacho tayari tunakipika. Mambo mengine hayasemwi mbele ya mbege.

Siku ya mwisho ya dirisha nikafunga meza saa nane, nikaenda stationeri. Wazazi wote wa Moshi walikuwa wamepata wazo hilo hilo. Zamu yangu ilifika saa kumi na nusu. Mweka, kontroo namba ya kulipia maombi, elfu kumi. Ushirika, kontroo namba, elfu kumi. Mwenge, elfu kumi. Kwa pesa hiyo kuna jozi ya buti inayotembea mpaka Himo na kurudi.

Kijana akasimama. "Mzee, mtoto anaitwa nani hasa?"

Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Happiness. Cheti cha kidato cha nne, Happyness. Nikataka kumtafuta aliyekosea nimtolee maneno, kisha nikakumbuka nani alimpeleka darasa la kwanza akaulizwa jina linaandikwaje, akajibu kwa kujiamini. Kijana akasema kwenye chuo tunaweza kwenda, ila Bodi ya Mikopo itabidi nikaape kwa mwanasheria kwamba hao ni mtu mmoja. Nikamwambia niko tayari kuapa, ada ninayo ya mmoja tu.

Kisha kila kitu kikagoma. Mifumo yote mitatu imetuma ujumbe kwenye barua pepe ya mtoto, ifunguliwe, ithibitishwe. Neno la siri sina. Nyuma yangu foleni inakohoa. Saa kumi na moja na robo simu ikaita, namba ngeni.

"Baba! Nimeazima dakika mbili..."

"Neno la siri la barua pepe!"

"Andika Morogoro, M kubwa, halafu samaki, halafu moja mbili tatu."

Nikalirudia kwa sauti, stationeri nzima ikalisikia, mama mmoja akaliandika. Kijana akabonyeza, ikafunguka.

"Hii umeifungua lini?"

"Mwezi wa tano, kabla sijaja huku. Si nilikwambia uniombee Sokoine, ufugaji wa samaki? Umeshaomba, eh? Bab..." Ikakatika.

Samaki! Ukoo mzima umezaliwa mgongoni mwa mlima, samaki tunaemfahamu ni dagaa, na anakuja kwa gari. Kikao kimekaa, mbege imeisha, shangazi amenuna, na mtoto aliliamua jambo hili hata mtihani haujasahihishwa.

"Mzee," kijana akasema, "Sokoine dirisha lipo wazi mpaka usiku. Nitengeneze kontroo namba?"

Mfukoni nina nauli. Nikamtumia mama yake ujumbe: maombi yameongezeka, tuma hela haraka.

Akajibu: ya kanisani au ya chuo?