Shingo ya Hamali

Mwezi mmoja wa mazoezi ya Muay Thai, mapigano ya Kitailandi ya ngumi, mateke na magoti, ulitosha kuniharibu. Sikuweza tena kukaa na watu bila kuwakagua shingo.

Usiku ule tulikuwa barazani, Mji wa Kale, kahawa tungu na kashata zikizunguka, nami nikaanza kuwasomesha wazee. Kwenye ndondi, nikawaambia, mkikumbatiana refa huwatenganisha. Watailandi wao hapo ndipo shughuli inapoanza! Unamshika mtu kisogo, kiganja juu ya kiganja, vidole usivifungamanishe, viwiko umembana navyo kifuani, kisha unakivuta kichwa chini kikutane na goti.

"Kichwa kikienda," nikasema kwa sauti ya mwalimu wangu, "mwili hauna budi kufuata."

"Na kisipokwenda?" akauliza mzee mmoja.

Ningenyamaza pale, leo nisingekuwa na kisa. Nikatafuta wa kuonyeshea, nikamchagua Ami hamali, aliyekuwa pembeni akipuliza kikombe chake. Mfupi, kakitambi kidogo, ndevu nyeupe. Nikamwona mteremko. Nilichosahau ni kwamba mzee huyu anabeba magunia ya mchele Marikiti, kilo 50 kila moja, tangu sijazaliwa. Na gunia hulala wapi? Papo hapo kisogoni.

"Haya mwanangu, shika," akasema, akakiweka kikombe chini taratibu kisimwagike.

Nikashika. Nikavuta. Mlingoti wa jahazi! Nikavuta tena, pakalia *ka!* mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wangu.

"Ushaanza?" akauliza Ami.

Baraza nzima ikaangua kicheko. Kwa hasira nikajining'iniza kwa uzito wangu wote hadi miguu ikaacha ardhi. Basi nikawa kidani shingoni mwa mzee wa watu.

Kano Jigoro alipoanzisha judo kule Japani mwaka 1882, alisisitiza kumtoa mtu kwenye mizani yake kabla hujambwaga. Ami hana habari naye, lakini mizani yangu alishaiona iko wapi: hakuna. Akanizungushia mkono kiunoni, akasogeza nyonga chini ya zangu, akaninyanyua. Wenzetu wa judo huvaa makoti mazito, yameshonwa yashikwe. Mimi nilivaa kikoi. Kikabaki barazani. Ndani nilikuwa na kaptula ya mazoezi, alhamdulillahi, ila ni ile iliyopasuka nyuma kwa mateke.

"Ami, nishushe!"

"Mzigo hausemi," akanijibu, akanitupa begani na kuingia nami kichochoroni, kichwa changu kikibembea nyuma. Paka wakatupisha. Alipofika kwetu akagonga mlango.

"Hodi! Huyu nimtue wapi, mama?"

Nyanya akachungulia dirishani, akanitazama kutoka nyuma, akavuta pumzi.

"Mtue uani. Na kikoi cha marehemu babu yake kiko wapi?"