Msimhamishe Mzee Mezani Pake

Mwezi Oktoba uliopita, mimi na mke wangu tulilala usiku mmoja katika baa ya kijijini karibu na Burford, kwenye vilima vya Cotswolds magharibi mwa Oxford, na tangu siku ile kuna jambo limenikaa moyoni. Msomaji ambaye hajaishi Uingereza huenda akapotezwa na neno lenyewe, kwa sababu kwetu pwani mtu mwenye kulinda heshima yake hapiti hata karibu na mlango wa baa, ilhali katika baa ya kijiji cha Kiingereza babu, mjukuu na mbwa wao huingia pamoja mchana kweupe. Wenyewe huiita pub, ufupisho wa maneno mawili yenye maana ya nyumba ya umma. Mimi sinywi pombe, na kwa miaka kumi na miwili niliyokaa katika mji wa Reading sijaulizwa na mtu hata siku moja kwa nini mkononi nina juisi ya tufaha.

Nyumba tuliyolala ni nzuri, na uzuri wake siudharau. Kuta zake ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, yale yale yatokayo katika vilima vile, na dari ya ukumbi wa mbele imebebwa na boriti za mwaloni zilizopinda na kuwa nyeusi kwa moshi, tena chini sana, hata ikanibidi niinamishe kichwa. Sisi tuliokulia Lamu, katika nyumba za kale ambazo upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, hatuwezi kuitazama dari kama ile tukawaona mafundi wake kuwa wageni. Chumba chetu cha ghorofani kilipakwa rangi ya kijani iliyofifia, kitandani kuna mablanketi ya sufu, na chini ya dirisha limewekwa hodhi la chuma lenye miguu minne, ambamo ukijilaza majini unauona mnara wa kanisa na, nyuma ya malisho, mto Windrush. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa ile meli iliyofika Tilbury mwaka 1948 na abiria kutoka Karibi, bila kujua kwamba meli ilipewa jina la mto huu mdogo. Tulilipa pauni 190 pamoja na kiamshakinywa, nami sikuona kwamba tumepunjwa.

Jioni tulishuka ukumbini. Moto wa magogo ulikuwa umekolea, na nyuma ya kaunta msichana alikuwa akivuta mpini mrefu wa pampu polepole, mara tatu kwa glasi moja ya mililita 568, akipandisha bia kutoka kwenye pipa lililo chini ya sakafu, ambako joto huwekwa kati ya nyuzi 11 na 13. Mbele ya kaunta jiwe moja la sakafu limelika katikati kama kizingiti cha msikiti wa kale, kwa miguu ya watu waliosimama hapo wakingoja zamu yao. Kwenye benchi la kando ya moto aliketi mzee aliyevaa buti za shambani, na mbwa wake mweusi amelala juu ya buti hizo. Meza zote nne za ukumbi ule zilikuwa na kadi ndogo, kila moja imeandikwa kwa mwandiko mzuri jina la mgeni na saa yake ya kula.

Ilipofika saa moja na nusu, mhudumu alimwendea mzee na kumwomba kwa adabu ahame, kwa kuwa wenye meza wamefika. Mzee hakubisha. Alichukua glasi yake, akamgusa mbwa kwa ncha ya buti, akaenda kusimama mwisho wa kaunta kwa muda wa dakika ishirini hivi, kisha akaondoka na kuacha nusu ya bia yake. Walioketi mahali pake walikuwa wapangaji wa chumba cha pili kutoka chetu, watu wapole waliokuwa wamevaa vizuri, na wangeweza kabisa kuwa sisi. Samaki tuliyeletewa alikuwa mzuri, lakini sikumla kwa raha.

Asubuhi nilizungumza na meneja, naye akanieleza bila kujificha kwamba mauzo ya bia peke yake hayawezi hata kuipasha joto nyumba ile, na kwamba jiko na vyumba ndivyo vinavyoiweka hai. Nilimwamini. Mwaka 1989 serikali iliwaamuru watengenezaji wakubwa wa bia wapunguze baa walizokuwa wakizimiliki, na nyingi zikaangukia mikononi mwa kampuni zinazomiliki baa na kuzipangisha. Mwaka 1991 baa ya The Eagle, mtaa wa Clerkenwell mjini London, ikaanza kupika chakula cha hadhi ya mkahawa, na mfano wake ukaenea hadi vijijini. Mwaka 2007 sigara zikapigwa marufuku ndani ya baa zote za Uingereza. Anayelala katika kitanda cha pauni 190, basi, anasaidia kulipa bili ya magogo yale. Kwa hodhi na rangi ya ukutani sina neno. Nina neno juu ya zile kadi nne.

Ipo sheria ya mwaka 2011 inayowaruhusu wanakijiji kuiomba halmashauri iiorodheshe baa yao kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na mwenyewe akitaka kuiuza, wanaweza kupewa hadi miezi sita ya kujiandaa kuinunua. Tangu mwaka 2017 baa haiwezi kugeuzwa duka bila kibali cha mipango miji. Ni sheria njema, lakini hulinda jengo na kazi yake, haziwezi kulinda kiti cha mtu. Katika daftari la halmashauri baa ile iko hai, taa zinawaka na mlango uko wazi, na hakuna anayeandika kwamba mzee wa kijiji ameanza kwenda kwake mapema.

Nimeshayaona haya nyumbani. Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kuna nyumba zilizonunuliwa na wageni wakazitengeneza vizuri kuliko wenyewe walivyoweza, wakarudisha zidaka na chokaa, na baraza za nje wakaziacha pale pale, laini na nyeupe. Lakini milango ya baadhi yake hufungwa karibu mwaka mzima, na mtu hakai kwenye baraza ya nyumba isiyo na wa kumwitikia salamu.

Ukumbi wa nyuma wa baa ile una meza zaidi ya kumi na tano za chakula. Ukumbi wa mbele uachwe bila kadi, na sisi wageni, ikiwa nafasi hakuna, tule saa tatu, au tuombe kuketi pembeni mwa aliyetangulia na kumuuliza jina la mbwa wake. Nilipokuwa nikirudisha ufunguo nilimwomba meneja aachie walau meza mbili, zile za karibu na moto, siku zote saba za juma. Alisema atalizungumza na wenye mali. Akinijibu kwamba wamekubali, tutarudi Januari, hata kama itatubidi kusimama kwenye lile jiwe lililolika.